Mwalimu Aliyetujua kwa Shanga

Harufu ya makapeni mimi siipendi. Ile kalamu nene ya kuandikia maboksi, inanuka kama rangi ya mafuta, inaingia puani na kukaa huko. Siku ile harufu ilinifikia kabla ya mjukuu wangu kuingia uani. Abenyo alikuwa ametoka shule, hapa Kakuma, na shingoni alikuwa amefungwa kipande cha katoni ya sabuni kwa uzi wa gunia. Kwenye katoni palikuwa na jina lake, na chini ya jina duara moja jekundu.

Nikamwita. Nikaishika ile katoni, nikaigeuza nyuma, hakuna kitu.

"Nani amekuwekea alama?"

"Ni ticha, ata." Ata ni bibi, kwa Kiturkana.

"Kwa nini nyekundu?"

"Safu yetu ni nyekundu. Wengine ni kijani, wengine bluu."

"Na wa nyekundu wanapelekwa wapi?"

"Hatupelekwi mahali. Ni ya kujua jina tu." Akacheka, mtoto huyu hanaga heshima akishiba. "Ata, wewe unashuku hata kuku."

Ni kweli, nashuku. Na wakati huo nilikuwa nimechoka na watu wa kuandika majina. Ulikuwa msimu wa kujiandikisha kura, ile mashine mpya ya kubonyeza vidole, kabla serikali ya kaunti haijaingia. Vijana walipita nyumba kwa nyumba wakisema mama njoo, mama lete kipande chako cha kitambulisho, mama weka kidole hapa. Nilikwenda, nikaweka. Lakini mtoto kufungwa alama shingoni na mtu nisiyemjua, hapana. Asubuhi nikachukua fimbo yangu nikaandamana naye shuleni.

Mwalimu alikuwa kijana mrefu wa Sudani Kusini, mmoja wa wale waliokuja kambi ya wakimbizi wakiwa wamebebwa na sasa wanafundisha watoto wa wengine. Darasa lilikuwa limejaa mpaka mlangoni. Watoto wa kambi, watoto wetu, wote na katoni zao shingoni kama maboksi yanayongoja kusafirishwa. Akanitolea mkono.

"Ejok, mama." Salamu yetu, aliisema kama mtu aliyeiazima.

"Ejok. Wewe ndiye unayefunga watoto vibao?"

"Ni mimi, haboba." Hilo nalo ni bibi, kwa lugha yao. "Ni ya kusaidia kichwa changu. Majina ni mingi."

"Mama zao wanayajua."

"Mama zao kila mmoja ana watoto wanne, watano. Mimi niko na hawa." Akanyoosha mkono juu ya vichwa vile. "Nikiona nyekundu najua ni upande wa dirisha, basi jina inakuja haraka."

"Wakibadilishana?"

Akacheka. "Nani abadilishe, haboba? Hawa ni watoto wadogo."

Mimi sikucheka. Nilimwambia maneno machache, kwa sababu alikuwa na kazi na mimi nilikuwa na mbuzi. Nilimwambia mchungaji wa kwetu hafungi mbuzi wake vibao. Wakirudi jioni anasimama penye mlango wa boma, anawaangalia wanavyoingia, na kabla wa mwisho hajaingia ameshajua ni yupi hayupo. Anamjua kwa uso, kwa mwendo, kwa mama yake. Basi nikamwambia, Ijumaa avue katoni zote, aziweke kwenye kona, awaangalie nyuso, aseme ni nani hajaja. Akiweza hilo, hapo anawajua.

"Mimi sikuchunga mbuzi," akasema. "Nimekulia hapa kambini. Ng'ombe za baba yangu nilisikia tu kwa hadithi."

"Basi anza sasa."

Akaahidi atajaribu. Sikumwamini sana. Akaniletea kitabu cha wageni niandike jina, na mimi nikaandika Asinyen, polepole, kwa herufi nilizofundishwa ukubwani kwenye masomo ya ngumbaru. Ndivyo kipande changu kinavyosema. Abenyo alikuwa ananichungulia kutoka dirishani, maana nyumbani hakuna mtu anayeniita hivyo. Nyumbani mimi ni Akiru.

Sikumweleza yule kijana. Angesema hadithi za wazee. Nawaelezea nyinyi wa rika langu, mnaokumbuka njaa ilivyokuwa inafika na lori la mahindi linavyosikika toka mbali.

Kakuma ya wakati huo haikuwa hii ya mabati na pikipiki. Palikuwa na maduka mawili, mto Tarach uliokauka, na miti ya mikoma. Mvua ilikuwa imekataa muda mrefu, mifugo imekufa, na sisi watu wa kutembea na mifugo tukajikuta tumekaa mahali pamoja tukingoja chakula. Baba yangu alikuwa mtu mkubwa wa kelele. Kwenye kambi ile ya chakula alilala juu ya ngozi siku nzima, sauti yake ikawa ndogo. Mama alipanga foleni. Karibu na kibanda chetu alikaa mjane wa ndugu yake baba, mama mdogo nilimwita, na mtoto wake wa pekee, Asinyen.

Mimi na Asinyen tulizaliwa msimu mmoja. Mimi nilizaliwa mvua inanyesha, nikaitwa Akiru, maana yake mvua. Siku zake yeye zilipofika mto ulikuwa umeshakauka, mama yake akajifungulia pale pale kwenye mchanga, akaitwa Asinyen, yaani mchanga. Tulikuwa kimo kimoja, vichwa vimenyolewa mtindo mmoja, ngozi ile ile ya mbuzi kiunoni. Mtu wa kwetu asingetuchanganya hata tukiwa mbali. Mgeni alituchanganya tukiwa mbele yake.

Mgeni alikuja. Waliokuwa wanaleta chakula walisema watoto wasikae bure, wakajenga kivuli cha makuti ya mkoma, wakamleta mwalimu. Alitoka Kenya. Ndivyo tulivyosema, na wengine wanasema hivyo mpaka leo: ukivuka milima kwenda kusini umefika Kenya. Sisi tulimwita emoit, neno letu la mtu wa nje, na ndilo hilo hilo neno letu la adui. Alivaa kaptula ya kaki, akawa na daftari lililofunikwa karatasi ya kahawia, na alikuwa na tabia moja iliyonitia mashaka tangu siku ya kwanza. Alitembea huku midomo inacheza bila sauti. Anamwangalia mtoto, midomo inacheza. Anamwangalia mwingine, midomo inacheza.

Leo najua alikuwa anakariri majina yetu. Mtu yule alitaka kutujua. Lakini mtoto angejuaje?

Siku aliyoyaandika alituweka mstari. Mtoto akitaja jina, anaandika, halafu anamtazama shingoni, anachagua penseli ya rangi, anaweka nukta. Wengi aliwawekea bluu, ndizo shanga zilizokuwa nyingi, na kando ya nukta akaandika safu ni ngapi. Wengine njano. Wengine nyeupe, yaani hakuweka kitu. Nilipofika mimi nikasema Akiru. Akaandika. Akanitazama shingoni, akatafuta penseli mfukoni, akaweka nukta nyekundu. Niliangalia daftari lote upande ule. Nyekundu ilikuwa moja.

Shanga zangu zilikuwa nyekundu tupu, safu nyingi, zimepakwa mafuta mpaka zinateleza. Mama alinivalisha wakati baba bado ana ng'ombe. Ndiyo sababu ya ile nukta, hakuna nyingine. Lakini mimi alama nyekundu nilikuwa ninaijua.

Kabla ya njaa kuwa kali, baba alipeleka mbuzi Lodwar kwenye mnada, na nilikwenda naye. Alikuwapo bwana mifugo na debe la rangi na kijiti. Alimshika mbuzi, akamtazama meno, akimtaka anampiga mstari mwekundu mgongoni. Harufu ya ile rangi ilikaa puani mwangu njia nzima ya kurudi. Kulikuwa na jike mmoja mweupe niliyemlea kwa mkono baada ya mama yake kuliwa na fisi, akipigiwa kelele na watu wote alikuwa anakimbilia kwangu. Alipigwa mstari. Wenye mstari walipandishwa lori, na yeye alilia toka juu mpaka lori likapotea.

"Wanakwenda wapi?" nilimuuliza baba.

"Kenya."

"Watarudi lini?"

"Nyamaza."

Sasa ametoka mtu huko huko Kenya, na penseli nyekundu, na amenichagua peke yangu. Nyinyi mngefikiri nini?

Sikumwambia mama. Mama angemwambia chifu, chifu angemwambia emoit, na emoit angejua kwamba nimejua. Nilikaa na jambo hilo siku mbili. Uji nilikunywa nikimwangalia yule mtu juu ya kikombe. Nilikuwa mwepesi darasani, Kiswahili kiliingia kichwani mwangu haraka kuliko wengine, na yeye alipenda kuniuliza. Kila aliponiuliza nilijiambia, ananitazama meno.

Siku ya tatu nikamwita Asinyen nyuma ya kibanda chao. Alikuwa mtoto mpole, wa kufuata. Siku zote alizipenda shanga zangu, akikaa karibu nami alizigusa bila kujua anazigusa.

"Unazitaka?"

"Zipi?"

"Hizi. Chukua, unipe zako za bluu."

"Baba yako atakuchapa."

"Baba hana nguvu ya kuchapa mtu siku hizi."

Akafikiri. Hakuwa mjinga. "Kwa nini unanipa?"

"Kwa sababu wewe ni ndugu yangu."

Nimesema mabaya mengi maishani, wakwe zangu wanaweza kushuhudia, lakini hakuna baya lililozidi hilo. Na nililisema kwa sauti nzuri. Nilijua ninampa nini. Nilikuwa ninampa ile nukta.

Tukavuana. Shanga za shingoni hazivuliwi ovyo, ilituchukua muda, mafuta yalitusaidia. Nikamwambia ni mchezo wa kumjaribu emoit. Akikuita Akiru, itika. Tuone atachelewa kugundua mpaka lini.

Hakugundua. Asubuhi iliyofuata aliamua kutuonyesha kwamba ameshatujua bila daftari. Aliliweka daftari juu ya kreti, akasimama mbele yetu, mikono nyuma, akaanza kutoka upande mmoja. Fulani. Fulani. Fulani. Akafika kwa Asinyen, macho yakashuka shingoni, yakapanda.

"Akiru."

Asinyen akanitazama. Halafu akaitika.

Akafika kwangu. "Asinyen."

"Ndiyo, mwalimu."

Watoto wote walijua. Walibana midomo mpaka machozi yakawatoka. Na yule mtu alipomaliza mstari mzima alifurahi, akajipigia makofi peke yake, akatucheka kwa upendo kabisa. Naikumbuka ile furaha. Alikuwa amejitahidi wiki nzima, amekariri shanga zote za Kakuma.

Toka siku hiyo mimi nikawa bubu darasani. Nilikaa nyuma, nilijifanya sijui hata nilichokijua. Na lilitokea jambo ambalo sikulitazamia. Akiru alikuwa ndiye mtoto aliyezoea kumuuliza, kwa hiyo aliendelea kumuuliza Akiru. Akiru, hii ni nini. Akiru, hesabu vijiti. Mwanzoni Asinyen alinitupia jicho nimsaidie, mimi nikatazama chini. Lakini mtoto akiitwa kila siku, akingojwa, akiambiwa jaribu tena, mwisho anajaribu. Baada ya muda akawa anajibu. Baada ya muda tena akawa anajibu kabla hajaulizwa. Nyumbani aliniambia maneno ya Kiswahili nisiyoyajua. Mimi niliyeyaacha.

Siku moja chifu alikuja kwenye kibanda chetu, akachuchumaa karibu na baba. Akasema Lodwar kuna shule ya kulala, wanachukua watoto wachache kutoka hapa, mwalimu amemtaja Akiru. Lori likileta mahindi, likirudi litawabeba.

Wakati ule baba wa kawaida angekataa, msichana ni mifugo ya kesho. Lakini mifugo ilikuwa wapi?

"Atakula?" akauliza.

"Atakula."

"Basi aende."

Mimi nilikuwa pale pale, nasikia. Nikasema moyoni, imekuja.

Lori lilikuja asubuhi, na siku ya lori ni siku ya foleni, mama zetu wote walikuwa wamekwenda na mikebe yao upande wa pili kupanga mstari wa mahindi. Mama alinipaka mafuta kabla ya kwenda. Akauliza tena habari ya zile shanga za bluu, nikasema kama siku zote, tunachezea tu, zitarudi. Hakuwa na nguvu ya kuendelea. Akanishika kichwa, akasema ukifika kula kila wanachokupa, usichague.

Mwalimu alisimama nyuma ya lori na karatasi. Aliita mvulana mmoja, akapanda. Wa pili, akapanda. Halafu akasema Akiru, na macho yake yakaenda moja kwa moja kwenye shanga nyekundu.

Asinyen akanigeukia. "Ni wewe," akaninong'oneza. "Mchezo umekwisha. Mwambie."

"Amemtazama nani?" nikasema.

"Akiru, ni wewe."

"Amekutazama wewe. Nenda."

Nilikuwa na nafasi. Nataka hilo lieleweke, maana watu wakisimulia utoto wao wanapenda kusema nilikuwa mdogo, sikujua. Nilijua. Lori lilikuwa linanguruma, ubao wa nyuma umefunguliwa, na mimi nilikuwa na Kiswahili cha kutosha kusema siyo huyu, ni mimi. Nilifunga mdomo. Mwalimu akamshika Asinyen kwapani akampandisha.

Nilingoja alie kama yule mbuzi. Hakulia. Alishika ubao, shanga zangu zinang'aa, akanipungia mkono mpaka vumbi likamficha.

Mama aliporudi akanikuta nimekaa. "Hukwenda?"

"Mwalimu amesema siyo mimi."

Baba akageukia upande mwingine wa ngozi. Mama akaweka mkebe chini, na nadhani, Mungu anisamehe kama namsingizia, nadhani alifurahi kidogo. Halafu mama mdogo akafika mlangoni.

"Asinyen yuko wapi?"

"Amepanda lori."

"Lori gani? Nani alimwita?"

"Emoit."

Hakupiga kelele. Alikaa chini pale pale mlangoni na mahindi yake mapajani, akawa anayachambua, mabaya na mazuri, akayachanganya tena, akayachambua tena. Mwalimu naye alikuwa amekwenda na lori na hajarudi, hapakuwa na wa kuulizwa. Chifu alisema jina aliloambiwa ni Akiru, kama Asinyen amepanda basi hao wenye shule watajua wenyewe.

Siku zilizofuata sikuweza kumaliza uji wangu. Watu walidhani nina homa. Mimi nilikuwa nahesabu amefika wapi. Sasa wamemshusha. Sasa wamemtazama meno. Kila nilipomwona mama mdogo nilibadilisha njia, na yeye aliniona nikibadilisha. Mwezi ulipoandama alikuja kwa baba.

"Aliyeitwa ni wa kwako," akasema. "Nampeleka mahali pake, nimchukue wangu."

Baba akasema ni haki.

Tulitembea kwenda Lodwar, yeye na mimi, siku kadhaa, tukilala kwenye vibanda vya watu tuliowakuta. Hakusema nami mengi. Kila tulipopumzika niliiangalia mikono yake, nilifikiri atanifunga kamba nisikimbie. Hakunifunga. Nami sikukimbia. Nilijiona ni mbuzi wa kurudisha, na nilikwisha kubali, maana yule mtoto alikuwa amekwenda kwa ajili yangu. Nilichoomba ni tumkute mzima.

Shule ilikuwa na paa la bati na mawe yaliyopakwa chokaa kandokando ya njia. Wasichana walikuwa wanatoka kula, kundi zima, magauni ya bluu, vichwa vimenyolewa vyote. Na shingo zote tupu. Shanga walikuwa wamevuliwa siku ya kufika. Nilitafuta nyekundu yangu, haikuwapo. Nilimtafuta Asinyen kwenye nyuso, na mimi niliyelala naye ngozi moja toka utotoni nilimpita mara mbili bila kumtambua, kwa sababu alikuwa amenenepa.

Mama yake alimtambua kwa mgongo. Alikuwa anakwenda zake upande mwingine na mabakuli mikononi, na mama mdogo akasema, kwa sauti ya kawaida tu, "Yule pale."

Mwalimu yule yule alitoka ofisini. Aliniona, akatazama shanga za bluu, uso ukamfunguka. "Asinyen. Umekuja kututembelea."

Mama mdogo hakujua Kiswahili. Lakini jina la mtoto wake alilijua, na alisikia limesemwa kwangu. Akatutazama wote. Akaninyooshea kidole kifuani. "Akiru," akamwambia mwalimu. Akamnyooshea mtoto wake. "Asinyen." Akarudia, taratibu, kama mtu anayemfundisha mwalimu herufi.

Mwalimu alisimama katikati yetu. Alimwangalia Asinyen shingoni. Hapakuwa na kitu. Akaniangalia mimi, akamwangalia yeye. Kwa mara ya kwanza nilimwona anazitazama nyuso zetu, na niliona amepotea kabisa. Midomo ilianza kucheza, ikasimama.

"Akiru ni nani kati yenu?"

"Ni mimi," Asinyen akasema. Kwa Kiswahili kizuri, kilichonyooka.

Kisha akamgeukia mama yake na kusema kwa lugha yetu, "Mama, hapa tunakula asubuhi na jioni. Usinitoe."

Mama mdogo akamshika mkono. Akauzungusha kifundo kwa vidole viwili, kidole gumba na cha kati, kuona kama vinakutana. Havikukutana. Aliushika hivyo kwa muda. Wangu alikuwa ameushika njiani tukivuka mawe, vidole vyake vilikutana na kupitana. Halafu akauachia.

"Na wewe?" mwalimu akaniuliza. Daftari lilikuwa wazi, kalamu mkononi. "Wewe jina lako ni nani?"

Nilikuwa nimeona kila kitu kwa sababu nina macho. Nimeona mabakuli. Nimeona hakuna mtoto aliyefungwa, hakuna aliyepigwa mstari, na pale jikoni moshi ulikuwa unatoka. Nafasi yangu ilikuwa imesimama mbele yangu imevaa gauni la bluu. Neno moja lingetosha, na mama mdogo angesema ndiyo kwa kichwa, na sisi wawili tungemshinda. Asinyen alinitazama. Hakuniomba. Alinitazama kama mtu anayeuliza zile shanga nilimpa au nilimkopesha.

"Asinyen," nikasema.

Akaandika.

Jina lile likanifuata. Mwalimu alipeleka orodha yake Kakuma, ikawa orodha ya chakula, chifu akanakili, mwisho likafika kwenye kipande. Hata juzi kwenye ile mashine ya kura, vidole ni vyangu, jina ni lake. Shule ya makuti ilifungwa mvua iliporudi, tukarudi kwa mifugo. Asinyen yule alisoma mpaka akawa muuguzi, na amestaafu huko Lodwar, mama wa heshima, kila karatasi yake inasema Akiru. Hunitumia kanga na sukari. Tunasalimiana vizuri. Lakini akinipa kitu namwangalia mikono, na yeye nadhani ananiangalia vile vile.

Tulipoondoka shuleni siku ile mama mdogo alitembea mbele. Hakugeuka nyuma mpaka tukapita nyumba za mwisho za Lodwar. Penye mgunga wa kwanza akakaa kivulini, nami nikakaa mbali kidogo.

"Shanga za mama yako," akasema, "zilifikaje shingoni kwa mtoto wangu?"

Nilimwambia. Sikuficha kitu, bwana mifugo, debe la rangi, jike mweupe, penseli, maneno niliyosema nyuma ya kibanda. Alisikiliza akichora mchangani kwa kijiti, akifuta, akichora.

"Ulidhani anakwenda kufa."

"Ndiyo."

"Na ukampa."

"Ndiyo."

Hakunipiga. Nilitamani anipige, ingekuwa imekwisha. Alisimama, akafunga ngozi yake vizuri, akanitwika kibuyu alichokuwa amekibeba yeye toka Kakuma.

"Maji ya nyumbani kwangu alikuwa anateka mwanangu," akasema. Akaanza kutembea.

Nilimtekea mpaka siku niliyoolewa. Na hata baada ya hapo, nikiwa na watoto wangu mwenyewe mgongoni, nikitoka kisimani nilipita kwake kwanza.